Majivu ya Wanawake wa Baraka

Baraka, tarehe 11 mwezi wa pili 1954

Kwa yaya Anatole,

Pokea salamu zangu, kaka yangu mkubwa, na za mama, na za mtoto wangu Félicité ambaye ameota meno mawili na anatuuma wote. Msalimie wifi Godelieve. Sisi tuko wazima, ila mguu wa mama umevimba tena na hataki kwenda kwa masista, anasema watamkata. Ndagala ziwani wamekuwa wengi hadi tunawaanika juu ya mapaa. Hizo ndizo habari nzuri, zimekwisha.

Mume wangu Roger yuko buloko, gereza la Fizi. Siku kumi na nne, na fimbo. Kosa lake ni pamba.

Unakikumbuka kiwanda cha kampuni yenu, kile cha kuchoma mawe ya dhahabu. Ulipokuja likizo kilikuwa msingi tu. Sasa kina bomba refu, na moshi wake ni wa manjano, unakaba koo. Upepo ukitoka ziwani unaulaza juu ya mashamba yetu. Majani ya pamba yanaungua ukingoni, yanajikunja, yanaanguka. Shamba la Roger ndilo la kwanza kutoka bombani. Bwana wa pamba, yule mzungu anayekagua mashamba ya lazima, alikuja na kofia yake, akasimama katikati ya mistari, akasema, "Hii shamba iko ya muvivu." Roger akamjibu, "Bwana, si uvivu, moshi njo inaichoma." Yule akacheka: "Moshi haishikake jembe. We njo unashika jembe." Wakamfunga siku hiyo hiyo.

Yaya, mimi najua kuwa ni moshi, na nitakuambia ninavyojua. Bado nafanya kazi ya mama ya chumvi na sabuni. Nachoma mikungu mitupu ya ngazi, ile ya michikichi iliyokwisha kutolewa matunda, nachuja majivu katika chungu chenye matundu, napata maji makali. Maji hayo niliyaacha siku tatu katika beseni nyuma ya nyumba, upande wa kiwanda. Nilipoyapika na mawese, sabuni ikakataa kushika. Nikayaonja: hayaumi ulimi hata kidogo, yamekufa. Nikarudia. Beseni moja niliweka pale pale, jingine nikalipeleka Mukolwe kwa mama mkubwa Anastasie, ambako moshi haufiki. La Mukolwe likabaki kali, langu likafa tena. Kwa hiyo moshi unaingia katika maji ya majivu, na humo vinamalizana. Sasa kama majivu yanaweza kuumaliza moshi uliofika kwangu, kwa nini yasiumalize pale bombani kabla haujatoka?

Wewe uko Bukavu, katika chumba ambamo kampuni inapimia mawe na moshi. Niandikie karatasi yenye jina lako na muhuri, iseme kwamba moshi wa namna hii unaunguza majani. Bwana wa pamba hasikii maneno, anasikia karatasi. Roger atatoka tarehe ishirini, atalikuta shamba limeungua zaidi, na watamrudisha ndani.

Nangoja.

Mdogo wako, Adolphine

*

Bukavu, tarehe 19 mwezi wa tatu 1954

Kwa mdogo wangu mpendwa Adolphine,

Nimeipata barua yako, ingawa ilichelewa Uvira. Tunamshukuru Mungu, afya ni njema. Godelieve ameshona pazia za maua kwa madirisha yote mawili, na tumenunua meza ya kulia yenye viti vinne. Kuna wageni watakaokuja kuitazama nyumba yetu, kwa hiyo hatuna nafasi hata ya kupumua. Anajifunza kumimina kahawa bila kumwaga. Mwambie mama akanyage maji ya chumvi ya moto, mguu utapungua.

Nimesikitika kusikia habari za shemeji Roger. Mshauri alime kwa bidii na awe mtiifu. Mzungu akimwona mtu mwenye bidii humsamehe. Yeye tangu zamani ni mwepesi wa kujibu, nawe unalijua hilo.

Mambo mengine uliyoniandikia tuyaache. Barua hupita mikononi mwa watu wengi kabla haijafika kwa mwenyewe.

Nakutumia kitenge kwa mkono wa Jacques wa lori.

Yaya wako, Anatole

*

Baraka, tarehe 22 mwezi wa nne 1954

Kwa yaya Anatole,

Salamu. Mguu wa mama umepungua. Félicité anatambaa. Roger alitoka, akakaa nyumbani siku arobaini na tisa, wakamkamata tena kwa shamba lile lile. Safari hii ni mwezi mzima.

Kitenge nimempa mama, maana mimi sikuomba nguo. Nimekuandikia moshi, unanijibu pazia! Mume wangu analala chini Fizi na mgongo umepasuka, wewe unaniambia awe mtiifu. Mtiifu kwa nani, kwa bomba? Nilisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ulipoandika neno "moshi". Hakuna. Umelikwepa kama mtu anayekwepa mavi njiani. Hasira niliyo nayo, yaya, ungekuwa karibu ningekutia majivu kinywani.

Basi tulifanya wenyewe. Jirani yetu Placide ndiye anayechochea tanuru, na kifua chake siku hizi kinapiga filimbi. Jumapili moja mzungu wake alikwenda Uvira. Tukachukua pipa kuukuu la mafuta ya taa. Chini tukaweka kitanda cha mianzi, juu yake makaa ya kokwa za ngazi, halafu majivu yaliyoloweshwa, halafu makaa tena, majivu tena. Placide akaunganisha bomba bovu kutoka kwenye kidirisha cha kufagilia masizi, na kwa mvukuto wa mhunzi tukausukuma moshi upite ndani ya pipa. Ulioingia ulikuwa wa manjano. Uliotoka juu ulikuwa mweupe, nikaweka uso wangu palepale, sikukohoa.

Nilikuwa na makasha mawili ya miche ya pamba. Moja tuliliweka kwenye moshi mtupu, moja juu ya pipa. Kufika jioni miche ya moshi mtupu ilikuwa rangi ya tumbaku. Ile nyingine ilikuwa kijani kama ilivyokuja. Jumatatu nikambebea bwana wa pamba makasha yote mawili hadi mlangoni kwake. Akayatazama, akasema, "Ni mambo ya bamama, ya jikoni. Uko na papier?"

Umesikia? Anataka karatasi. Na mtu wa karatasi ni wewe. Usinitumie kitu kingine.

Adolphine

*

Bukavu, tarehe 6 mwezi wa sita 1954

Adolphine,

Msalimie mama. Godelieve hajambo. Meza ile imepata kitambaa.

Unanitukana kama mtoto uliyemkuta anaiba mboga. Unafikiri sijui? Moshi huo una asidi ya kiberiti, na majivu yana alkali, na vikikutana kila kimoja kinaua ukali wa mwenzake. Wewe umeliona hilo kwenye beseni, mimi ilinichukua miaka miwili kulisoma. Namba za moshi wa Baraka ninaziandika mimi mwenyewe katika daftari, kila juma. Ninajua kuliko Placide mwenyewe ni moshi kiasi gani anaouvuta. Lakini daftari si langu, na mtu mweusi hatii saini ndani yake.

Sasa nitakuambia ambalo sikutaka kuliandika. Nimeomba kadi, ile ambayo Wazungu humpa mweusi waliyemwona amestaarabika. Mwenye kadi akifika bironi, ofisini kwao, anaitwa bwana. Hapigwi fimbo, hata akikosea. Mwaka mzima wanatuchunguza: wanahesabu vijiko, wanafunua shuka, wanamwuliza Godelieve kama anakula nami mezani. Nikiandika karatasi ya kuishtaki kampuni inayonilisha, yote yanakwisha siku hiyo hiyo. Hayo hukuyafikiri. Wewe unafikiri shamba lako ndilo shamba peke yake duniani.

Nijibu haya tu, upesi, kwa meli ya kwanza. Majivu yalikuwa ya mikungu peke yake au mlichanganya maganda ya ndizi? Vikapu vingapi kwa pipa? Yanachukua siku ngapi kabla ya kufa? Makaa yalipasuliwa ukubwa gani?

Anatole

*

Baraka, tarehe 1 mwezi wa saba 1954

Kwa yaya wangu Anatole,

Salamu nyingi, na mama anakubariki. Anakubariki kwa sababu nilimsomea maswali yako, akasema, "Unaona? Mutoto wangu iko anafanya." Roger ametoka, amekonda, lakini anacheka na mtoto. Mimi bado nimekukasirikia kwa ajili ya vijiko na shuka. Ila mtu anayeuliza ukubwa wa makaa hajaamua kunyamaza, nimeliona hilo.

Majivu ni ya mikungu ya ngazi peke yake, ya ndizi ni dhaifu. Vikapu vitatu kwa pipa moja. Tulirudia mzungu wa Placide alipokwenda tena Uvira: kwa moshi wetu mdogo wa kidirishani yalikaa siku mbili yakafa, kwa bomba zima piga hesabu mwenyewe. Makaa ni ukubwa wa punje ya hindi.

Na hili liandike kwa herufi kubwa, yaya. Majivu hayo yasitafutwe kwa wanawake. Kikapu kimoja ni kazi yangu ya juma zima, na ndiyo chumvi yetu na sabuni yetu. Ng'ambo ya mto kuna kiwanda cha mawese. Kinatupa mikungu mitupu mlima mzima, inaoza, inavuta nzi. Waichome hiyo. Ni takataka, hakuna anayeililia. Usipoliandika hili, wataona ni rahisi zaidi kugonga milango yetu. Unawajua.

Nakuamini.

Mdogo wako, Adolphine

*

Bukavu, tarehe 30 mwezi wa nane 1954

Kwa mdogo wangu,

Salamu kwa wote. Nimepata kadi. Siku hiyo walitoa mvinyo, na Godelieve alivaa kofia. Mwambie mama, atafurahi. Namtumia viatu.

Kampuni ya pamba ilikuwa inagombana na kampuni yetu kwa ajili ya mashamba yaliyoungua, kwa hiyo jambo lile limekwenda upesi. Mapipa manne ya chuma yataletwa kwenu. Roger hatafungwa tena kwa ajili ya moshi.

Nina kazi nyingi. Nitaandika zaidi baadaye.

Anatole

*

Baraka, tarehe 24 mwezi wa kumi 1954

Anatole,

Mama ni mzima. Mtoto ni mzima. Viatu havimtoshi.

Mapipa yamekuja. Ni mazuri, yana rangi ya kijivu, na moshi unaotoka juu hauumi mtu. Placide amelala siku tatu bila kukohoa. Ningekuwa mjinga ningecheza ngoma.

Jumamosi baada ya mapipa kufungwa, mjumbe wa chefu, mtawala wa vijiji vyetu, alipita na karatasi. Kila mwanamke aliyeolewa, kuanzia Baraka mjini hadi mtoni, apeleke kiwandani vikapu viwili vya majivu kila juma. Asiyepeleka, mume wake anakwenda Fizi siku saba. Mimi sikupeleka. Nilikaa kibarazani nimekunja mikono, nikawaambia hayo majivu siyo niliyoyasema. Roger yuko buloko, yaya. Mara ya tatu mwaka huu. Mara mbili kwa moshi, na sasa kwa dawa ya moshi.

Wanawake wanakata migazi mibichi, michikichi inayozaa, ili wapate kuni za majivu. Immaculée, jirani yangu wa kushoto, amechoma kitanda chake. Hatuna chumvi. Tunanunua ya dukani, wenye uwezo. Na ule mlima wa mikungu ng'ambo ya mto uko palepale, unaoza.

Bwana wa pamba aliniita mwenyewe anionyeshe gazeti. Alidhani nitafurahi. Wewe umesimama na koti, pembeni yako mzungu, katikati pipa. Akanisomea kwamba ni chombo cha Anatole, msaidizi mwerevu. Nilitafuta kama kuna mwanamke popote katika maneno hayo. Nikamwuliza, "Bwana, iko mahali inasema majivu inatoka wapi?" Akasoma: majikoni mwa wenyeji, bila gharama.

Bila gharama! Nilikuambia uandike kwa herufi kubwa. Nilikupa namba zote, kila kikapu, kila punje, kwa mkono wangu, na juu yake nikaandika kwamba nakuamini. Uliponiuliza ukubwa wa makaa nilidhani unapigana. Kumbe ulikuwa unavaa koti. Hujui aibu. Chukua jina, chukua kadi, kunywa mvinyo wako. Lakini mstari mmoja ule, mmoja, ungekupunguzia nini?

Majivu tutapeleka sasa, nami nitapeleka, kwa sababu nataka mume wangu nyumbani. Karatasi yao inasema vikapu viwili vijae. Vitajaa hadi mdomoni.

Usiandike mpaka uwe na la kusema.

Adolphine

*

Uvira, tarehe 12 mwezi wa kumi na mbili 1954

Kwa Adolphine,

Barua hii anakuletea Raphaël, mpishi wa meli. Haipiti posta, kwa hiyo nitasema.

Sikuja nyumbani. Nilifika Baraka asubuhi na meli ya kampuni, nikaondoka nayo mchana, na muda wote nilikuwa kati ya Wazungu wawili. Umesikia kwa nini waliniita: moshi ulianza kuuma tena mwezi wa kumi na moja, miche mipya ya pamba ikaungua, bwana wa pamba akaja juu, na kampuni ikataka mwenye chombo aje aeleze.

Mlikuwa mmepangwa mstari na vikapu. Nilikuona, wewe ni wa nne. Hukunitazama. Bwana mkubwa wetu kutoka Bukavu akaniambia nikague majivu. Nikachota kidogo kutoka kikapu cha kwanza, nikaweka ulimini. Nikachota cha pili. Cha tatu. Chako. Yote yalikuwa yamechujwa tayari. Mmetoa chumvi kwanza, mkayakausha juani, mkawaletea makapi, na kwa macho hakuna anayeweza kuyatofautisha. Mimi ni mtoto wa mama yule yule. Nilijua kabla sijameza mate.

Kama ningesema, mngelala Fizi wote, na waume zenu. Wanawake arobaini.

Bwana mkubwa akauliza, "Majivu iko muzuri ao iko mubaya?"

Nikasema, "Iko muzuri, bwana. Haina kosa."

"Basi kosa iko wapi?"

"Iko mu ripoti yangu. Majivu ya jikoni haina nguvu ya kufanya hii kazi. Inaomba ile ya mikungu ya kiwanda ya mawese, na ichomwe palepale."

"Ripoti ilisema jikoni."

"Ilisema, bwana."

"Basi ulidanganya."

"Ndiyo, bwana. Nilidanganya."

Sasa ujue na hili, maana uliniuliza. Mstari wako niliuandika. Niliuandika kwa herufi kubwa, kama ulivyotaka, katika ripoti ya kwanza. Bwana mkubwa aliukata kwa penseli, akasema mikungu inataka lori na wachomaji, na wanawake hawataki lori. Akanirudishia karatasi niinakili upya. Niliinakili, kwa mwandiko mzuri, bila mstari ule. Nilikuwa nimebakiza majuma mawili kupata kadi. Huyo aliyeukata ndiye aliyekuwa ananiuliza pale kama nilidanganya, na tulikuwa tunatazamana.

Kadi wameichukua humohumo melini. Kazi, nitaambiwa Bukavu. Jina lako sikulitaja. Ningelitaja wangeuliza huyo mwanamke anajua nini zaidi kuhusu majivu, na jibu lilikuwa ndani ya kikapu chako.

Mwambie mama anisamehe.

Anatole

*

Baraka, tarehe 9 mwezi wa kwanza 1955

Kwa yaya Anatole,

Salamu za mwaka mpya, kwako na kwa wifi Godelieve. Mama alipika sombe, majani ya muhogo unayoyapenda, siku ile uliyofika, akakaa mlangoni hadi jua la saa tisa. Nilipomwambia kwamba meli imekwisha kuondoka, alifunika sufuria. Hilo sitalisahau upesi. Kutoka gatini hadi kwetu ni mwendo wa kumaliza kipande kimoja cha muwa.

Roger yuko nyumbani. Amri ya majivu imefutwa, mjumbe wa chefu alipita na karatasi nyingine, sauti ile ile. Tangu Jumatatu lori linavuka daraja na mikungu, wanaichoma nyuma ya kiwanda, na Placide ndiye anayepanga mapipa. Moshi ni mweupe. Roger amepanda tena mistari iliyoungua, na majani manne yamefunguka mazima. Immaculée analala chini bado, seremala hajamaliza kitanda.

Watu wote wanasema umetuokoa. Wanawake wamechanga kuku wawili, wanataka niwatume kwako na Raphaël. Wanakuita mwanaume. Nami nawajibu kwamba ndiyo, umetuokoa, maana ni kweli, nilikuwa wa nne katika mstari. Nilijua unajua. Uliposema "nilidanganya", nililia ndani ya kanga yangu, na si mimi peke yangu.

Kama watakufukuza kazi, njooni. Nyumba ina chumba. Godelieve ataona vumbi, lakini atakula.

Ila usidhani hasira yangu imekwisha. Nimeisoma barua yako mara nyingi, hasa pale unaposema ulilificha jina langu ili unilinde. Najua ulinilinda. Lakini yaya, ungelitaja mwezi wa saba, usingekuwa na haja ya kulificha mwezi wa kumi na mbili.

Kuku wanakuja kwa meli ya Alhamisi.

Adolphine